Kutoa tina na petroli kwenye maji kwa utando: anza na maji yaliyolala, utando badaye

Fundi wa kupuliza rangi magari akimaliza kazi huosha bunduki yake na tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, alafu anasuuza na maji, na yale maji yaenda wapi? Yaenda mtaroni, mengine yafika baharini na mengine yazama kwenye tumbawe, na chini ya tumbawe ndiko kuna visima vyetu. Mombasa hapa maji ya mfereji, yawe ya Mzima au ya Baricho, yakikatika wiki mbili kila mtu hurudi kisimani, kwa hivo hii si habari ya maabara peke yake.

Tina ni mchanganyiko. Mna tolueni, zaileni, na mara nyingi asetoni. Petroli nayo ina benzeni, na hiyo ndiyo mbaya zaidi manake inasababisha saratani ya damu. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani limeweka kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita, tolueni wameiwekea 0.7 na zaileni 0.5. Na usitegemee pua, harufu ya benzeni ndani ya maji yaanza kusikika kwenye miligramu 10 hivi kwa lita, yaani mara elfu moja juu ya kiwango, sasa ukiniambia "nimenusa hayana kitu" hujapima chochote. Kuchemsha kwaitoa ndio, lakini yatoka kwenye sufuria yaingia jikoni, waivuta wewe. Na zile mashine za RO (osmosisi ya kinyume, za kusukuma maji kwa nguvu yaache chumvi) watu wanazonunulia visima vya chumvi zimetengenezwa kukamata chumvi, molekuli ndogo isiyo na chaji kama benzeni nyingi yake hupenya.

Utando ninaouzungumzia ni mwingine, ni ngozi nyembamba ya silikoni iliyopakwa juu ya plastiki yenye vinyweleo. Upande mmoja yapita maji machafu, upande wa pili kuna vakyumu, yaani hewa imenyonywa na pampu. Tolueni haipendani na maji lakini na silikoni ni marafiki wa damu, basi inaingia kwenye ngozi, inapenya, inatokea ng'ambo ikiwa mvuke, wewe unaupoza unarudi kuwa kimiminika. Njia hii yaitwa pervaporesheni. Utando wenyewe hauna tundu, hauchuji kama kitambaa cha nazi, unachagua kwa kupenda na kukataa.

Niseme na hili mapema ili usipoteze pesa. Kama kisima chako kina benzeni kidogo sana, maikrogramu chache kwa lita (elfu moja ndizo miligramu moja), nunua kaboni ya vifuu, ule mkaa maalumu unaonyonya kemikali, ubadilishe kwa wakati na upime, achana na vakyumu. Utando walipa pale kemikali ni nyingi, miligramu mia na kwenda juu, ambapo kaboni ingejaa haraka na ungekuwa wanunua kila siku.

Usalama, na hapa sina mzaha

Mvuke wa tolueni washika moto ukifika kama asilimia 1 tu ya hewa, na ni mzito kuliko hewa kwa hivo unatambaa chini ukitafuta cheche. Fanya kazi nje au kwenye banda lililo wazi pande mbili, swichi na soketi ziwe mbali, hakuna sigara, hakuna jiko la mkaa la mama wa chapati jirani. Usiweke chupa ya kukusanyia ndani ya friji ya nyumbani, thermostati ya friji yatoa cheche. Moshi wa pampu ya vakyumu uelekeze nje ukipitia mkebe wa kaboni. Ukisikia kichwa chepesi, toka, usijifanye shujaa.

Hatua ya 1: hakikisha ni utando unaofanya kazi, si pipa

Hapa nieleze aibu yangu. Mara ya kwanza nilikuwa na pipa la lita 100, moduli (kile kifaa kinachoshika utando) ya nusu mita ya mraba, tolueni miligramu 300 kwa lita, nikazungusha maji saa 3 pipa likiwa wazi nikapata 60. Nilishangilia walai, nikampigia simu rafiki yangu. Alafu mzee mmoja aliyekuwa akinitazama akaniuliza swali la kijinga, "na ukizima ile pampu ya vakyumu?" Nikarudia vile vile bila vakyumu. Ikatoka 120. Zaidi ya nusu ya kazi ilifanywa na upepo wa Changamwe juu ya pipa wazi, mimi nilikuwa nachafua hewa nikiita kusafisha maji.

Kwa hivo pipa lifunikwe, maji yajae karibu na kifuniko, bomba la kurudisha lizame ndani ya maji lisimwage kama maporomoko. Mpira wa kupitishia maji usiwe wa silikoni, ni kitu kile kile cha utando, tolueni yapenya ukutani ikienda zake, na mpira wa PVC nao unainyonya. Tumia chuma cha pua au teflon, ama nailoni kama huna budi. Baada ya kufunika nikarudia yote mawili: bila vakyumu 300 ilishuka mpaka 270, na vakyumu ikawa 135. Hizo ndizo namba za kweli, na zilikuwa mbaya.

Sampuli nazo zina adabu yake. Kichupa cha kioo cha mililita 40, ujaze mpaka kifuniko kikae bila kiputo hata kimoja (kigeuze chini juu utazame), weka kwenye barafu, peleka maabara yenye kromatografia ya gesi, mashine ya kutenganisha na kupima kemikali kama hizi, siku hiyo hiyo. Ukibeba kwenye chupa ya soda nusu tupu utapelekewa majibu ya hewa.

Hatua ya 2: piga hesabu moja tu

Usilinganishe asilimia, asilimia yategemea pipa lako ni kubwa kiasi gani na umekaa saa ngapi. Tafuta kasi ya utando. Chukua kalkuleta yenye kitufe cha ln (logi asilia). Gawanya mwanzo kwa mwisho, 300 kwa 135, bonyeza ln, utapata 0.80. Fanya hivo kwa lile jaribio bila vakyumu, 300 kwa 270, ni 0.11 hivi. Toa, inabaki 0.69. Gawanya kwa sekunde za saa 3, yaani 10,800, alafu zidisha na ujazo wa maji kwa mita za ujazo ukigawanya kwa eneo la utando, kwangu 0.1 kwa 0.5 ambayo ni 0.2. Jibu ni kama mita 0.000013 kwa sekunde, ama tuseme maikroni 13 kwa sekunde (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Maana yake ni kwamba kila sekunde utando unasafisha kabisa safu ya maji yenye unene wa maikroni 13. Andika hiyo namba ukutani. Kila badiliko utakalofanya swali ni moja, imepanda au haikupanda.

Hatua ya 3: tafuta pale pamebana

Tolueni ina safari ya vipande vitatu. Kwanza itoke katikati ya maji ifike kwenye uso wa utando. Pili ipenye utando. Tatu iondoke upande wa vakyumu. Kama barabara ya kwenda Likoni, haijalishi lami ni nzuri kiasi gani kama feri ni moja, foleni inaamuliwa na pale pembamba kuliko pote.

Jaribio ni rahisi. Endesha kwa mtiririko mdogo, wa kati, na mkubwa, vakyumu ikiwa ile ile, upige hesabu ya juu kila mara. Kasi ikipanda mtiririko ukipanda, basi pamebana upande wa maji. Isipobadilika, acha mtiririko, badilisha vakyumu: ikijibu, shida iko ng'ambo ya pili. Zote zisipojibu ndio sasa ulaumu utando.

Kwa tolueni, zaileni na benzeni nakwambia mapema utakuta nini, utakuta upande wa maji. Sababu yenyewe ni kwamba hizi kemikali zapenda silikoni mno, utando wa maikroni 10 unaweza kuzipitisha haraka zaidi ya mara mia kuliko maji yanavoweza kuzileta. Karibu na uso wa utando kuna maji yaliyolala, safu nyembamba isiyochanganyika na wenzake, na tolueni iliyokuwa karibu ikishamezwa nyingine yabidi iogelee polepole kupita kwenye hayo maji yaliyolala. Ndio maana mtu aliyenunua utando mwembamba wa bei ghali akitegemea maajabu hupata kasi ile ile ya tolueni na maji mengi zaidi kwenye chupa. Nilikuwa mmoja wao, basi.

Hatua ya 4: yaamshe maji

Hii ndiyo roho ya kazi yote na ndipo nilipokaa muda mrefu.

Fikra ya kwanza ya kila mtu ni pampu kubwa. Sikatai, lakini tazama faida. Kwenye mfereji laini ambao maji yapita kwa utulivu, ukizidisha mtiririko mara mbili kasi yapanda robo tu, mara 1.26. Maji yakiwa yanachafuka kweli kweli, kuzidisha mara mbili kwakupa kama mara 1.7, lakini umeme wa pampu unaruka karibu mara saba. Kwa bei za stima zetu hapo umeshaumia.

Kwa hivo kabla ya pampu badilisha njia ya maji. Moduli yangu ilikuwa ya bamba, na nafasi ya maji juu ya utando ilikuwa milimita 5, wazi kama uwanja. Nikaifanya milimita 1 na nusu na ndani nikalaza wavu wa plastiki, ule wenye nyuzi zinazopandana, nikauweka mshazari ili kila uzi uyakate maji yageuke, yapande, yashuke, yasipate pa kulala. Wavu ukate ukubwa kamili usiache njia pembeni, manake maji ni mvivu kama sisi, yakiona uchochoro wa pembeni yote yapitia huko na katikati pabaki pamelala. Hilo nililigundua kwa kumwaga rangi ya chakula nyekundu kidogo kwenye maji, mfuniko nikiwa nimeweka wa kioo kwa muda: rangi ilikimbia ukingoni kama mwizi, katikati ikabaki wekundu umeganda kama dakika nzima. Nikakata wavu mwingine, nikaongeza matundu mawili ya kuingilia, rangi ikafutika pote kwa pamoja.

Kama moduli yako ni ya mirija membamba ya silikoni, waweza kuipinda mirija kama springi, maji yakienda mzunguko yajisokota yenyewe ndani ya mrija. Ama pitisha maji nje ya mirija kwa kuikata njia na vakyumu iwe ndani, lakini hapo angalia mirija isiwe mirefu sana na myembamba, vakyumu yafia njiani.

Wavu, nafasi nyembamba, na pampu ile ile niliyokuwa nayo: kutoka maikroni 13 mpaka 30 kwa sekunde. Pipa lile lile, saa 3 zile zile, 300 ikawa 53. Utando sikuugusa.

Hatua ya 5: unene na joto, mahali watu wanakosea

Ukishajua kwamba tolueni haibanwi na utando, fikra inageuka chini juu: waweza kutumia utando mnene. Maji yenyewe ndiyo yanabanwa na utando, maji hayana urafiki na silikoni lakini ni mengi. Kwa ngozi ya maikroni 10 kwenye nyuzi 30 tegemea kama gramu 300 za maji kwa kila mita ya mraba kila saa, ukienda maikroni 50 zashuka mpaka kama 60, na tolueni haitahisi tofauti. Mvuke kidogo maana yake barafu kidogo, pampu ndogo, na unachokusanya ni kikali zaidi. Utando mnene pia haupasuki ovyo. Mimi sasa sinunui chini ya maikroni 30.

Joto nalo. Vitabu vyasema pasha moto, na kwa Ulaya kwenye maji ya nyuzi 10 pengine ni sawa. Hapa maji ya pipa asubuhi yako nyuzi 28 tayari. Ukipasha kutoka 30 mpaka 50, msukumo wa mvuke wa maji unatoka milibari 42 (milibari ni kipimo cha presha) mpaka 123, karibu mara tatu, na tolueni inapata kama theluthi au nusu ya ziada tu. Juu yake maji ya visima vya tumbawe ni magumu, yakipashwa yaacha chokaa kwenye utando kama chini ya birika. Kwa tolueni mimi sipashi.

Asetoni ni habari nyingine kabisa. Yapenda maji, yajificha ndani yake, huko utando na joto ndivyo vinavyoamua, wavu hausaidii sana. Kwa mfumo huu wa tolueni kubali tu kwamba asetoni nyingi itabaki kwenye maji, hiyo yatakiwa mtambo wa bakteria badaye. Chumvi kwa bahati yatusaidia kidogo, maji ya chumvi huisukuma tolueni itoke.

Hatua ya 6: vakyumu ipimwe kwenye moduli

Geji ya kwenye pampu hudanganya. Yangu ilisoma milibari 10 kwenye pampu na 35 kwenye moduli, sababu nilitumia mpira wa milimita 6 wenye urefu wa mita 3. Kwa maji ya nyuzi 30 msukumo wote wa mvuke wake ni 42, kwa hivo ukiwa na 35 ng'ambo ni kama hakuna vakyumu. Weka bomba pana, milimita 25, fupi, kona chache. Alafu jaribu uvujaji: moduli ikiwa kavu, vuta mpaka chini, funga vali, tazama saa. Geji ikipanda haraka kuna pahali pavuja, paka povu la sabuni baada ya kuweka presha kidogo sana, au zungushia grisi ya vakyumu kiungo kimoja kimoja mpaka itulie. Pampu ya mafundi wa AC yaweza kuvuta lakini mafuta yake hunywa tolueni yakawa maji maji, na mota yake yaweza kutoa cheche, mimi napendelea pampu ya diaframu isiyo na mafuta inayohimili kemikali na iliyoidhinishwa kwa mvuke unaowaka.

Hatua ya 7: kukusanya, na barafu ya samaki

Hapa wengi hupoteza bila kujua. Wanaweka mtego mmoja, yaani chupa ya baridi ya kukamata mvuke, wenye maji ya barafu kwenye nyuzi 5 hivi, wanapata maji, wanaona tolueni kidogo, wanasema utando mbovu. Utando ni mzima. Kwenye nyuzi 5 mvuke wa maji unarudi kuwa kimiminika bila shida, msukumo wake ni milibari 9 hivi, lakini wa tolueni ni 12 kwenye joto hilo hilo, na ndani ya vakyumu ya milibari 20 tolueni haipati sababu ya kutulia, yapita moja kwa moja mpaka kwenye pampu na kwenye kaboni.

Weka mitego miwili. Wa kwanza maji ya barafu, unashika maji mengi. Wa pili barafu iliyosagwa na chumvi ya mawe, ile ile ya wavuvi, kilo 3 za barafu kwa kilo 1 ya chumvi, unapata kama nyuzi 15 chini ya sifuri na hapo tolueni yashuka mpaka milibari 3. Ongeza barafu kila saa, banda la Mombasa halina huruma. Hewa inayovuja ni adui hapa pia, kila kiputo cha hewa chabeba tolueni kikitoka. Kama unashughulika na benzeni angalia mdomo wa mtego, benzeni yaganda kuwa mawe kwenye nyuzi 5 na nusu, yaziba bomba.

Hatua ya 8: uchafu

Kabla ya utando acha maji yatulie usiku mzima, chota mafuta yanayoelea, pitisha kwenye filta ya maikroni 5. Tina tupu ikigusa utando silikoni inavimba inabanduka kwenye plastiki yake kama ngozi iliyoungua, na hiyo haina dawa. Chokaa osha kwa asidi ya ndimu ya unga, asilimia 1 au 2. Usitumie soda kali (kostiki) wala tina kuosha, najua yavutia.

Hatua ya 9: ujue pa kusimama

Kwa maikroni 30 kwa sekunde, kushuka kutoka 300 mpaka 30 kwangu ni saa 4 na robo. Kutoka 30 mpaka 3 ni saa 4 na robo nyingine. Kutoka 3 mpaka 0.3, zile zile. Tolueni inayotoka yapungua mara kumi kila awamu lakini maji yanayopenya ni kiasi kile kile, barafu ni ile ile, stima ni ile ile. Mimi huachia kwenye 5 hivi alafu namalizia na ndoo ya kaboni, na hayo maji hayaendi kisimani wala mdomoni, yarudi kusuuza bunduki za rangi.

Mwisho wa siku chupa ya mtego wa pili huwa na safu mbili, maji chini, tolueni juu, waona mstari wazi kabisa ukiinua kwenye mwanga. Ya chini narudisha pipani. Ya juu, kama kikombe kidogo cha kahawa, nilimpelekea yule fundi wa rangi, akachovya brashi, akasugua, akanusa. "Hii ni tina," akasema, "lakini ile makali ya kukauka haraka haimo." Asetoni hiyo, bado iko kwenye pipa.